Shajara ya Mradi: Kishikilio cha Antena Kinachorudi Mahali Pake Baada ya Mtetemo wa Roketi

9 Februari 2024: Lengo na mgao wa makosa

Tunaunda kishikilio cha antena ya dishi yenye kipenyo cha sentimita 30, iliyokusudiwa kurusha data kwa masafa ya gigahezi 26 kutoka kwenye setilaiti ndogo. Kinachojengwa hapa Nairobi ni modeli ya kihandisi isiyoruka, na dishi lenyewe ni la alumini, lililofuliwa na fundi wa jua kali wa Kamukunji kwa uzito unaotakiwa, yaani kilo 1.2 pamoja na kitovu chake. Usahihi wa uso wa dishi hilo hautuhusu, kwa kuwa hakuna wimbi litakalopita. Tunachohitaji ni uzito sahihi uliokaa mahali sahihi.

Swali la kwanza lilikuwa ni kiasi gani cha kupinda kinavumilika. Upana wa mwale wa antena kwa digrii hukadiriwa kwa kuzidisha 70 na urefu wa wimbi, kisha kugawanya kwa kipenyo cha dishi. Kwa gigahezi 26 urefu wa wimbi ni milimita 11.5, hivyo mwale una upana wa digrii 2.7. Dishi likielekea kando kwa digrii 1, ishara hupungua kwa takribani desibeli 1.7, hasara ambayo hakuna mtu angependa kuilipia kwa umeme wa setilaiti. Likielekea kando kwa digrii 0.2, hasara haifiki hata desibeli 0.1. Tumeweka ukomo kwenye digrii 0.2 na kuugawa hivi: digrii 0.1 kwa mfumo unaoelekeza setilaiti, digrii 0.05 kwa joto na baridi ya angani, na digrii 0.05 kwa madhara yote ya safari ya roketi. Anayenakili kazi hii kwa gigahezi 8.2 ana nafasi kubwa zaidi, maana dishi hilohilo litampa mwale wa digrii 8.5, na sehemu kubwa ya taabu iliyoandikwa hapa chini haitamhusu.

Ni muhimu kueleza mapema tafsiri yetu ya kazi hii, kwa sababu maamuzi yote yanaitegemea. Antena haifanyi kazi wakati roketi inapaa. Inaweza kuyumba, kutikisika na kupinda kadiri itakavyo, mradi isigonge kitu wala kuvunjika. Kinachodaiwa ni kwamba mtetemo ukiisha, irudi pale ilipokuwa. Kwa hiyo hatutafuti kishikilio kisichosogea. Tunatafuta kishikilio ambacho kila kusogea kwake ni kwa springi, si kwa kuteleza.

Kuhusu kiwango cha mtetemo, tumechukua kile cha kuthibitisha usanifu kilichomo katika GSFC-STD-7000, hati ya NASA ya viwango vya majaribio, kwa vifaa visivyozidi kilo 22.7: 0.16 g² (g ni mchapuko wa mvutano wa Dunia) kwa kila hezi kati ya hezi 50 na 800, kikishuka hadi 0.026 kwenye hezi 20 na hezi 2000, jumla ikiwa ni g 14.1, kwa dakika 2 kila mhimili. Setilaiti ndogo kwa kawaida husafiri kama abiria wa roketi ya pamoja, kama Taifa-1 ya Kenya ilivyopanda Falcon 9 pamoja na nyingine nyingi tarehe 15 Aprili 2023, na abiria wa aina hiyo hana hakika ya kupanda roketi aliyoipanga mwanzoni. Kiwango cha jumla na kikali kinatuepusha kusanifu upya kila roketi inapobadilika.

2 Machi 2024: Kupima pembe kwa kioo na leza

Hatuna kifaa cha maabara cha kupimia pembe ndogo, kwa hiyo tumebandika kioo kwenye kitovu cha dishi na kumulika leza ya mkononi kwa namna ambayo nukta ya mwanga hurudi kwenye karatasi ya mraba iliyobandikwa ukutani, mita 5 kutoka kwenye kioo. Kioo kikigeuka, mwale unaorudi hugeuka mara mbili ya pembe hiyo, digrii 0.01 husogeza nukta kwa milimita 1.75, na mgao wetu wote wa digrii 0.05 ni milimita 8.7 ukutani. Hicho ni kipimo ambacho mtu huweza kukisoma kwa rula na penseli.

Kulikuwa na vikwazo viwili. Kioo cha kawaida cha dukani kilitoa nukta mbili zilizopishana, moja ikitoka kwenye rangi ya nyuma na nyingine, hafifu zaidi, ikitoka kwenye uso wa mbele wa kioo, na haikuwa rahisi kujua ipi ni ipi baada ya kusogea. Tulinunua kioo chenye rangi usoni kwa shilingi 2,800 na tatizo likaisha. Kikwazo cha pili kilikuwa kibaya zaidi: nukta ilitembea polepole ukutani bila mtu kugusa kitu. Leza ilikuwa ikipata moto na kujigeuza ndani ya kishikizo chake. Badala ya kutafuta leza bora, tuliweka kioo cha pili kwenye bamba la chini ambalo kishikilio kimefungwa, tukawa tunamulika vyote viwili na kusoma tofauti ya nukta hizo. Leza ikiyumba, nukta zote mbili huyumba pamoja na tofauti hubaki ileile. Kwa kuweka kadi yenye tundu dogo mbele ya leza, nukta ilikuwa ndogo kiasi cha kurudia usomaji ndani ya milimita 1.

Vioo vimegandishwa kwa epoksi na kuachwa siku nzima kabla ya usomaji wa kwanza, kwa kuwa epoksi husinyaa inapokauka na huvuta kioo.

23 Machi 2024: Kishikilio cha kwanza, na vumbi jeusi

Kishikilio cha kwanza kilikuwa cha umbo la L, kilichochongwa kutoka alumini ya 6061-T6, kikifungwa kwenye bamba kwa bolti nne za M4 (kipenyo cha milimita 4) za chuma kisichoshika kutu, ndani ya matundu ya milimita 4.5. Alumini iligharimu shilingi 9,500 kwa kipande, kuchonga shilingi 14,000, na kukodi meza ya kutetemesha kwa nusu siku shilingi 60,000. Kukodi meza ndiyo gharama inayopaswa kuongoza mpango mzima: hakuna sababu ya kwenda maabara na swali moja tu.

Utaratibu wa maabara ni wa kawaida. Kwanza meza hupita masafa yote kwa nguvu ndogo ili kujua mtetemo wa asili wa kishikilio, yaani masafa ambayo chenyewe hutikisika zaidi, uko wapi, kisha huja mtetemo kamili wa dakika 2, kisha upitaji mdogo hurudiwa. Vipimo vya kabla na baada visipofanana, kuna kitu kimelegea au kimepasuka.

Havikufanana. Mtetemo wa asili ulianza hezi 183 na kuishia hezi 171, na nukta ukutani ilikuwa imesogea milimita 31 kwenda kando, karibu bila kupanda wala kushuka. Hiyo ni digrii 0.18, mara tatu na nusu ya mgao. Tulipofungua bolti, kuzunguka kila washa (kipete kinachokaa chini ya kichwa cha bolti) kulikuwa na duara la vumbi laini, jeusi kama masizi, na chini yake alumini iling'aa kwa mikwaruzo mifupi iliyoelekea upande mmoja. Vumbi hilo ni alumini iliyosagwa na kuungua na hewa wakati nyuso mbili zilipokuwa zikisuguana. Kishikilio kilikuwa kimeteleza kwenye kiti chake.

Hesabu inakubaliana na macho. Bolti ya M4 ndani ya tundu la milimita 4.5 ina nafasi ya milimita 0.25 kila upande. Bolti zetu zimeachana kwa milimita 80. Ncha moja ikisogea kwa milimita 0.25 kulinganisha na nyingine, kishikilio hugeuka kwa digrii 0.18, ambayo ndiyo tuliyoisoma ukutani.

27 Aprili 2024: Spana ilisema kweli, bolti hazikubana

Kwa kutumia mlinganyo wa Miles, unaokadiria mchapuko wa kitu kinachotikiswa ovyo, mtetemo wa asili wa hezi 183 wenye ukuzaji wa mara 22 (yaani dishi hutikisika mara 22 ya meza, kama tulivyosoma kwenye mchoro wa maabara) unaleta mchapuko wa wastani wa g 32, na kilele cha kusanifia, ambacho ni mara tatu ya wastani, kinafika g 95. Dishi la kilo 1.2 linavuta kiungo kwa niutoni 1,120 hivi. Bolti nne zilizokazwa kwa niutoni-mita 1.6 zilipaswa kubana kwa jumla ya niutoni 10,000, na kwa kigawo cha msuguano cha 0.2 kiungo kilipaswa kuhimili niutoni 2,000 kabla ya kuteleza. Karatasi ilisema hakitateleza, na kiliteleza.

Tulitengeneza jaribio dogo mezani: bolti iliyopita kwenye bomba fupi la chuma, ncha zake zote mbili zikiwa wazi ili mikromita izifikie. Bolti ikikazwa hurefuka, na kurefuka huko hueleza kani halisi ya kubana, jambo ambalo spana haiwezi kulieleza. Kwa urefu uliobanwa wa milimita 20, niutoni 2,500 zinapaswa kuirefusha M4 kwa mikromita 29. Bolti kavu, kama tulivyozitumia maabara, zilirefuka kwa mikromita 16 tu zilipofikishwa niutoni-mita 1.6. Bolti zilezile zilipopakwa unga mkavu wa molibdenamu disulfidi kwenye nyuzi na chini ya kichwa, zilifika mikromita 29. Spana ilikuwa sahihi muda wote; karibu nusu ya kani ya kubana tuliyoitarajia ilikuwa ikiliwa na msuguano wa chuma kisichoshika kutu dhidi ya chuma kama hicho. Kwa kani ya bolti kavu, kiungo kilikuwa na uwezo wa niutoni 1,100 hivi, chini kidogo ya mzigo.

Kuanzia hapo kila bolti hupakwa unga huo, na eneo la kugusana kati ya kishikilio na bamba husafishwa kwa kitambaa chenye alkoholi baada ya bolti kupakwa, si kabla. Unga ukifika kwenye uso huo, faida yote inapotea, kwa sababu pale ndipo msuguano unapotakiwa. Anayetaka kutumia grisi badala ya unga akumbuke kipimo cha kutoa mvuke katika ombwe: desturi ya vifaa vya angani ni kukataa chochote kinachopoteza zaidi ya asilimia 1.0 ya uzito wake, au ambacho mvuke wake unaoganda unazidi asilimia 0.10.

18 Mei 2024: Pini mbili na tundu refu lililoelekea pabaya

Kubana peke yake hakututoshi. Kiungo kinachotegemea msuguano kinaweza kuhimili mtetemo leo na kuteleza kesho bolti zikilegea kidogo, na kila kinapofunguliwa hakirudi mahali pake. Tuliongeza pini mbili za chuma kigumu za milimita 4, moja kila ncha.

Pini mbili ndani ya matundu mawili ya duara ni kishawishi kinachofaa kukataliwa. Umbali kati ya matundu kwenye bamba na ule kwenye kishikilio haulingani kamwe kikamilifu. Tofauti ya mikromita 30 inatosha kukilazimisha kishikilio kuingia kwa nyundo na kukaa kimejikunja. Dawa ni ya zamani: kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi, kwa sababu hakina mguu wa ziada wa kubishana na sakafu. Kelvin na Maxwell waliifanya kanuni hiyo kuwa msingi wa kuvikalisha vyombo vya upimaji: kila mwelekeo wa kusogea uzuiwe mara moja, usizuiwe mara mbili. Pini ya kwanza inaingia kwenye tundu la duara na kuzuia kusogea mbele na kando. Pini ya pili inaingia kwenye tundu refu na kuzuia kugeuka tu.

Kishikilio cha kwanza chenye pini kilirudi kutoka karakana kikiwa na tundu refu lililokatwa kukingama na mstari unaounganisha pini mbili. Likielekea hivyo, linaruhusu kitu kilekile lililowekwa kukizuia. Mwendesha mashine alijitetea kwa haki: "Injinia, mchoro ulisema tundu refu, na tundu refu ni hilo." Mchoro ulikuwa na ukubwa na kina bila mwelekeo ulioandikwa. Shilingi 23,500 za alumini na uchongaji zikawa kipande cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Mchoro wa sasa una mstari wa katikati unaopita kwenye pini zote mbili na maneno "tundu refu lifuate mstari huu".

Kishikilio kilichofuata kilifungwa na kufunguliwa mara kadhaa mezani, na nukta ilirudi kila mara ndani ya milimita 2.

Pini pia huleta hatari yake. Chombo cha Galileo, kilichorushwa tarehe 18 Oktoba 1989 kuelekea sayari ya Mshtarii (Jupita), kilikuwa na antena kubwa ya mita 4.8 iliyokunjwa kama mwavuli wenye mbavu 18. Ilipoamriwa kufunguka Aprili 1991, mbavu kadhaa zilikataa. Uchunguzi ulielekeza kwenye pini zilizonasa kwenye vikalio vyake baada ya kilainishi kikavu kusuguliwa kikaisha, kwa sehemu kubwa wakati antena ikisafirishwa kwa lori kuvuka Marekani. Safari nzima ya utafiti ilibidi ifanywe kwa antena ndogo. Pini zetu hazitakiwi kufunguka angani, hivyo kunasa si msiba. Tulichojifunza ni kuihesabu barabara kuwa sehemu ya mzigo. Nukta sasa husomwa karakana, kisha husomwa tena maabara baada ya pikapu kufika na kabla ya meza kuwashwa.

29 Juni 2024: Kuimarisha kulizidisha mzigo; mpira uliwekwa pasipostahili

Wazo la kwanza la wengi, na letu pia, ni kwamba kishikilio kigumu zaidi ni salama zaidi. Tuliongeza mbavu mbili za milimita 4 na mtetemo wa asili ukapanda kutoka hezi 183 hadi hezi 310. Mchapuko wa kilele ukapanda kutoka g 95 hadi g 124, na mzigo kwenye kiungo ukawa niutoni 1,460 hivi. Sababu ni kwamba kati ya hezi 50 na 800 nguvu ya mtetemo ni ileile kwa kila hezi, na kitu chenye masafa ya juu, kwa ukuzaji uleule, hukusanya nguvu kutoka eneo pana zaidi. Kuyumba hupungua, lakini mchapuko huongezeka, na kinachoteleza hutelezeshwa na mchapuko. Mbavu ziliondolewa. Tunabaki juu ya hezi 100 kwa nafasi ya kutosha, kwa kuwa mitikisiko mikubwa ya polepole ya roketi huishia karibu na hapo, na hatuna sababu ya kwenda mbali zaidi.

Njia iliyobaki ni kupunguza ukuzaji. Washa za mpira chini ya bolti zilishusha ukuzaji vizuri sana na kuharibu kila kitu kingine: nukta iliendelea kutambaa ukutani usiku kucha baada ya kukazwa, na asubuhi bolti zilikuwa zimepoteza kani yake, maana mpira hutiririka polepole chini ya mzigo. Mpira haupaswi kamwe kukaa kwenye njia inayobeba mzigo. Tuliuhamishia ubavuni: utepe wa mpira laini unaonata umebandikwa kwenye ukuta wa kishikilio, na juu yake ukanda wa alumini wa milimita 0.5. Ukuta unapopinda, utepe unavutwa huku na huku kati ya ukuta na ukanda na kuigeuza nguvu ya mtetemo kuwa joto, ilhali uzito wa dishi haupiti kwake hata kidogo. Ukuzaji ulishuka kutoka mara 22 hadi mara 11, na mzigo wa kilele hadi niutoni 800. Gharama ya utepe na ukanda haikufika shilingi 2,000, na hakuna fedha katika mradi huu iliyonunua zaidi ya hiyo.

10 Agosti 2024: Bapa za titani

Dishi halisi litakuwa la nyuzi za kaboni, ambazo hazipanuki kwa joto kwa kiasi cha kuhesabika, ilhali alumini hupanuka kwa mikromita 23.6 kwa kila mita kwa kila digrii. Kwenye kitovu cha milimita 120 na badiliko la digrii 70, tofauti hufika milimita 0.2, na bolti zitalazimika kuteleza au kitovu kipinde. Suluhisho ni bapa tatu nyembamba za titani ya Ti-6Al-4V zilizopangwa kwa digrii 120, uso wao mpana ukitazama katikati. Kila bapa hukubali kupinda kuelekea katikati na hukataa kwenda kando, na kwa kuwa zote tatu hupinda kwa kiasi kimoja, katikati haisogei.

Bapa za kwanza za milimita 1.0 zilikatwa kwa maji ya shinikizo. Titani, kukata na ushuru vilifika shilingi 31,000. Zilikuwa laini mno: mtetemo wa asili ulishuka hadi hezi 96, ndani kabisa ya eneo tulilojiapiza kulikwepa, na ukingo wa dishi uliacha alama ya kugonga kwenye fremu. Ugumu wa bapa hukua kwa mchemraba wa unene, hivyo milimita 1.6 huongeza ugumu mara nne. Hesabu ilitabiri hezi 143. Meza ilisoma hezi 140.

Kwa jaribio la joto tulibadilisha kitovu kwa bamba la nyuzi za kaboni, tukakiingiza kishikilio kwenye friza ya nyumbani na kisha kwenye oveni ya digrii 60. Kitovu kikiwa kimefungwa moja kwa moja kwa bolti, nukta ilirudi ikiwa imehama kwa milimita 6. Kwa bapa, hatukuweza kutofautisha kuhama kwake na kosa la usomaji. Usomaji wote ulifanywa baada ya kupoa. Kishikilio kikiwa cha moto, hewa inayopanda mbele ya kioo huifanya nukta icheze.

21 Septemba 2024: Mtetemo kamili, mihimili yote mitatu

Kishikilio chenye bolti zilizopakwa, pini na tundu refu, utepe wa ubavuni na bapa za milimita 1.6 kilipita g 14.1 kwenye mihimili yote mitatu. Mtetemo wa asili ulianza hezi 140 na kuishia hezi 138. Nukta ilisogea milimita 3.5, yaani digrii 0.02, chini ya nusu ya mgao. Tulipofungua, washa zilikuwa safi, isipokuwa alama hafifu ya kijivu chini ya ile iliyo karibu na pini ya duara.

Mambo mawili bado hayajathibitishwa. Meza tunayokodi haiwezi kutoa mshtuko wa kutengana na roketi, ambao hufika maelfu ya hezi, na bapa za titani hazijaonja mzigo wa aina hiyo. Pia, bamba letu la chini ni alumini nene ya milimita 15, gumu kuliko paneli yenye vyumba kama sega la nyuki ambayo setilaiti nyingi huijengea kuta zake. Kwenye paneli hiyo bolti hukaa kwenye vikombe vya chuma vilivyogandishwa kwa epoksi, na vikombe hivyo vinaweza kusogea hata kama kiungo chetu hakijateleza. Kipande cha paneli cha sentimita 30 kwa 30 kimeagizwa kwa shilingi 38,000 pamoja na usafiri, na ingizo lijalo litaanza na namna tulivyovigandisha vikombe hivyo na kilichosomwa ukutani kabla ya kupanda pikapu.